Kibuyu Mbele ya Upepo wa Moto

Kibuyu kilikuwa kimebaki kimoja tu, nacho kilining'inia mahali pabaya kuliko pote: kwenye kizimba cha chuma cha klima ya Mama Hortense.

Klima ni kiyoyozi. Hapa Bunia ndivyo tunavyokiita. Sehemu yake moja iko ndani ya depo ya dawa, inapulizia baridi makatoni ya sirapu na sindano. Sehemu nyingine, lile sanduku zito lenye feni, iko nje, nyuma ya nyumba, na zamani ilikuwa juu ukutani, ikitazama mlango wetu. Mama Hortense, mwenye depo, aliizungushia vyuma kwa sababu ya wezi. Mimi na mama tunakaa pale nyuma. Tunafagia depo, tunaangalia kiwanja.

Tulipokimbia vita kutoka mlimani kwetu, mbele ya mji mdogo wa Iga Barrière, watu wengine walibeba magodoro. Mama alibeba sufuria, akanishika mkono, na katika ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga mbegu za kibuyu. Nilikuwa bado shule ya msingi. Mbegu zile alizijaribu kambini, mbuzi wakala mimea. Akazijaribu tena tulipopanga chumba kando ya mto, mafuriko yakachukua. Zilizobaki alizipanda hapa, chini ya mpira mwembamba unaotoa maji ya klima, kwa sababu kilikuwa kiangazi na maji yale hayakukatika. Tone, tone, mchana na usiku. Mboga za jirani zilikauka, lakini kibuyu chetu kilipanda ukuta, kikashika vyuma vya kizimba, kikatoa maua meupe ambayo yalifunguka jioni.

Kule kwetu vibuyu vilipandwa karibu na jiko, vikaachwa vikwee paa la nyasi vyenyewe. Upepo ukija vilikuwa vinagongana juu yetu, ko, ko, ko, na nyanya yangu alisema wageni wanapiga hodi. Kibuyu cha kwetu kina shingo ndefu iliyopinda kama ya bata. Tuliweka maziwa ndani yake, tukachotea maji, na kile kilichopasuka mtoto alichezea. Hakuna aliyekichuma mapema. Kinaachwa mpaka kikonyo kikauke na mbegu zianze kulia ndani. Ukikikata kibichi, mbegu zake ni maji tu.

Hapa mjini tunanywea vikombe vya plastiki. Kila mara mama akimaliza kunywa anatazama ndani ya kikombe, anasema, "Maji hii haina harufu ya nyumba."

Maua mengi yalianguka. Kikabaki kile kimoja, kikubwa, cha kijani, kimelala juu ya kizimba. Mama alikiogopea jua. Akaomba kipande cha hema la zamani, akafunika kizimba chote, akakaza na kamba. Mimi niliona, na niliona ni vizuri.

Baada ya hapo klima ikaanza kujizima. Inanguruma, inatetemeka, inazimika. Ndani ya depo kukawa joto. Mama Hortense akaita fundi.

Fundi alikuja na pikipiki, begi la vyuma mgongoni. Jina lake Moïse, mtu wa Butembo kama Mama Hortense mwenyewe. Alisimama nyuma ya nyumba akatazama muda mrefu.

"Nani alivalisha hii mashini koti?" akauliza.

"Ni mimi, mwanangu," mama akajibu. "Jua ilikuwa inachoma kibuyu."

"Mama, hii mashini kazi yake ni kutoa moto ya ndani, inaitapika huku inje. Weye umeifunga kinywa. Moto inarudia mu tumbo yake."

Mama alinyoosha mkono afungue kamba. Mkono ulikuwa umelowa, alikuwa ametoka kufua.

"Toa mukono!" Moïse akapiga kelele mpaka mimi niliruka. Kisha akasema kwa upole, "Samahani, mama. Maji na umeme haziko marafiki. Kwanza tunakata."

Akaenda kwenye kisanduku cha umeme, akakata, akafunga mlango wake kwa waya ili mtu asirudishe kwa kusahau. Hata hivyo hakugusa. Alingoja, akapima nyaya na kipimo chake, ndipo akavaa glavu na kutoa hema. Nyuma ya mashine kuna vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa. Vilikuwa vimejaa vumbi na majani yetu, na kikono kimoja cha mmea kilikuwa kimeingia ndani, kimebakiza kidogo kufika kwenye feni.

Mama Hortense alitoka depo akiwa ameshika kiuno. "Véronique! Weye unalisha mashini yangu sombe?" Sombe ni majani ya muhogo.

"Haiko sombe," mama akajibu. "Ni kibuyu."

"Naona ni kibuyu! Siye tunafunga mashini juu ya wezi, kumbe mwizi wa kuingia ni kibuyu."

Tulicheka. Moïse hakucheka. Alikuwa amepanda ngazi, anatazama mahali ambapo vyuma vya kushikilia mashine vinaingia ukutani. Akaweka kidole gumba kwenye tofali. Tofali likamwagika kama unga.

"Nani aliifunga hapa?" akauliza.

"Fundi mwingine," Mama Hortense akasema. "Yule wa kabla yako."

"Hii ni tofali ya udongo, yenye haikuchomwa. Mashini inatetemeka kila siku, tundu inapanuka. Sasa na kibuyu inavuta." Akatazama chini. Chini ya mashine kulikuwa na kiti kidogo cha mbao. "Na ile kiti? Nani anakaaka pale?"

Kiti ni cha mama. Kila jioni alikaa pale kuchambua maharagwe, kwa sababu ya joto linaloshuka. Nilitazama kiti, kisha nikatazama ule uzito wote wa chuma juu yake.

Moïse alishuka, akakichukua kiti mwenyewe, akakipeleka mbali.

"Sitaiwasha tena hapa juu," akasema. "Iteremke chini, ikae juu ya betoni."

"Basi iteremke," akasema Mama Hortense.

"Kuna neno moja. Bomba ya shaba inafika mpaka hapa." Akaonyesha kwa mguu. Mguu ulikanyaga udongo mweusi wenye unyevu, pale pale ambapo shina la kibuyu lilitoka ardhini.

Mama alitembea polepole, akakaa chini, akazungusha miguu kwenye shina lile.

"Munimwangie betoni na mimi," akasema.

"Mama, betoni yangu haitatosha," Moïse akajibu.

"Watu ya Butembo! Mukiona udongo, munamwanga simenti. Siye tukiona udongo, tunapanda."

"Mama, usiku hii mashini inaweza kuangukia mutu. Ukipenda uniite jina mubaya, lakini niache nifanye."

"Ungoje mpaka ikauke. Kikonyo ikauke tu."

Mama Hortense alichuchumaa karibu naye. Hawa wawili wanataniana kila siku, lakini safari hii alimshika bega. "Véronique, unanijua. Sikukukatazaka kitu. Ile dawa iko ndani ni ya watoto ya watu. Ikiharibika na joto, mama yake akiniuliza, nitamujibu nini? Nitamujibu kibuyu?"

Sikumwona mama akilia tulipotoka mlimani, wala kambini. Sasa alikuwa anafuta pua kwa ncha ya kitenge, ile ile ambayo mbegu zilikuwa zimefungwa.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Lakini nilipomwona vile, nikakumbuka mwaka ambao ng'ombe waliingia nyuma ya jiko letu wakakanyaga shina la kibuyu. Baba alisema kimekufa. Nyanya hakukubali. Alikata mmea chini kabisa, akauacha mrefu pamoja na majani na kibuyu chake, akautundika juu ya kichanja cha jikoni, mahali moshi unapopita. Majani yalinyauka kwanza. Kibuyu kilichelewa sana, lakini mwishoni mbegu zililia.

Hapa hatuna kichanja wala jiko la kuni. Moto hauruhusiwi karibu na depo, tunapika uani mbele kwa makaa. Nikatazama mashine.

"Moto," nikasema.

"Eh?" Mama Hortense akageuka. "Nani amesema?"

"Ni Nadège," mama akasema. "Sema kwa nguvu, mutoto, hatusikii."

"Fundi alisema inatapika moto," nikasema, nikitazama vidole vyangu vya mguu. "Kama ya jiko. Tukate kibuyu na kamba yake yote, tuitundike mbele. Kama nyanya alifanya."

Moïse alinitazama. "Kumbe huyu dada anasemaka!" Akaanza kucheka, halafu akaacha. Akapiga hatua kutoka ukutani kwenda kwenye nguzo ya kamba ya nguo. "Mbele haiko ruhusa kuweka kitu karibu. Hewa ikigonga kitu, inarudia. Lakini hapa kwa nguzo, mbali kama urefu ya kitanda, upepo inafika na haizuiliwi. Majani yakikauka, munatoa. Sitaki jani hata moja iruke irudie mu mashini."

"Upepo yake iko moto kweli?" mama akauliza kutoka chini.

"Itakausha hata nguo ya jeshi."

Mama aliondoa miguu kwenye shina. Akaomba kisu. Hakutaka mtu mwingine akate. Mimi nilishika mmea kwa juu ili kibuyu kisianguke, na alipokata, harufu ya kibichi ikapanda, ile harufu ya nyuma ya jiko baada ya mvua. Nilimsikia mama akivuta pumzi.

Moïse alifunga gesi ndani ya mashine kabla ya kufungua bomba, kwa sababu, alisema, gesi ile ikikurukia inachoma mkono kwa baridi. Wanaume wa jirani walimsaidia kuteremsha. Alimwaga betoni juu ya mawe, akalaza chupa ya maji iliyojaa nusu juu yake kuona kama imelala sawa. Siku zile betoni ikikauka, Mama Hortense alipeleka dawa kwa mwenzake sokoni, na kibuyu chetu kilining'inia chumbani, juu ya kitanda, kama mgeni ambaye hajui atalala wapi.

Betoni ilipokauka, Moïse alirudi. Chini ya miguu ya mashine aliweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu ili isitetemeke. Nyuma aliacha nafasi ya kupitisha mkono. Akaunga waya wa kwenda ardhini, akarudisha kizimba, lakini kikubwa zaidi na chenye nafasi mbele. Kisha akaniita mimi, si mama.

"Weye ndiyo utaiangalia. Kwanza unafanya nini?"

"Ninakata umeme."

"Halafu?"

"Ninangoja."

"Halafu unapitisha brosi laini, kutoka juu kwenda chini, polepole. Na usilete ile pompe ya kuosha mapikipiki! Niliona mutu mumoja alifanya vile, vibati yote ikalala kama majani ya muhogo."

Mashine ikawaka. Ilinguruma kidogo tu, na upepo wake ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo. Kibuyu, ambacho tulikuwa tumekitundika pale, kikaanza kuyumba.

Tangu hapo jioni zetu zilibadilika. Mama alihamisha kiti chake karibu na nguzo, pembeni ya upepo. Majani yalinyauka, nikayatoa moja moja. Kibuyu kiliacha ukijani, kikawa na madoa, mama akayafuta kwa kitambaa chenye majivu. Wakati mwingine alikigonga kwa kucha, akasikiliza, akatikisa kichwa. Usiku mmoja niliota kimeoza, nikaamka nikaenda kukinusa.

Na pale mbele ya ule upepo mama alianza kuongea. Miaka yote tangu tuje mjini nilikuwa nikimwuliza juu ya kwetu, naye ananiambia nikateke maji. Sasa aliongea bila kuulizwa. Namna baba alivyoimba vibaya akikamua. Namna mimi nilivyojificha kwenye pipa la mahindi wageni wakija, mpaka mgeni mmoja akanimwagia mahindi kichwani. Jina la ng'ombe aliyekuwa anafungua mlango kwa pembe. Macho ameyafumba, mikono ameinyoosha kwenye joto, kama watu wanavyokaa kwenye moto wa kuni.

"Inanuka chuma," alisema siku moja. "Lakini ni moto."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza alipokigonga kibuyu na hakutikisa kichwa. Alikitoa kwenye nguzo. Rangi yake ilikuwa ya nyasi kavu. Akanipa.

"Tikisa weye."

Niliogopa. Nilitikisa kidogo, kisha kwa nguvu. Ndani kitu kililia, kikavu, chakacha.

"Kulia haitoshi," mama akasema. "Hata mbegu ya bure inalia. Ile nzima inazama."

Akakata juu ya tumbo la kibuyu kwa kisu chenye meno, akamwaga mbegu ndani ya ndoo yenye maji ya klima. Mama Hortense alikuja kusimama nasi, na Moïse pia, aliyekuwa amepita kutazama betoni yake. Tuliinama wote juu ya ndoo. Mbegu zilienea juu ya maji, na kwa muda zilibaki pale, nyepesi, za bure.

Kisha moja ikapinduka, ikashuka. Nyingine ikaifuata. Nyingi zilibaki zikielea, mama akazisukuma pembeni kwa mkono bila kuzitazama. Zile za chini alizikusanya polepole kutoka ndani ya ndoo, akazianika mchana ule kwenye kitambaa, na jioni akazifunga katika ncha ya kitenge.

Baadaye alifungua tena fundo, akatoa chache, akaniwekea mkononi.

"Hizi ni za kupanda hapa."

"Fasi gani, mama?"

Akatazama mashine, akatazama uzio wa upande mwingine wa kiwanja, mbali kabisa.

"Pale," akasema. "Uulize fundi kwanza."