Odera Aliyeshika Jumba

Kila asubuhi, kabla ya kushika masepetu, vibarua wa jumba lililokuwa likijengwa bondeni chini ya kilima cha Kibuli walipanga foleni nyuma ya mabati wakakojoa ndani ya pipa la buluu. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Ardhi ya pale ilikuwa mchanga na tope la mafunjo, isiyoweza kubeba hata kibanda cha chapati, na Injinia Ochan alikuwa ameagiza bakteria wa kuigeuza jiwe. Wadudu hao, ambao jicho haliwaoni, hula urea, na wakipewa chokaa kidogo huigandisha katikati ya chembe za mchanga mpaka zishikane zisiachane tena. Urea huuzwa madukani kama mbolea. Injinia hakuona sababu ya kununua kitu ambacho wanaume walikuwa wakikimwaga bure ukutani.

Kazi ya kuwalisha alipewa Odera. Mkewe, Aoko, aliuza mukene, dagaa wadogo wa ziwani, sokoni, na zilizobaki walikula wao, mchana na jioni. Sifuna, mnyapara wa pale, alikuwa amegundua kwamba mkojo wa mla dagaa huwachangamsha wadudu kuliko wa mla mihogo. Basi Odera alipewa pipa lake peke yake. Alipowamwagia chakula aliwaamkia kwa Kijaluo, kwa sababu aliona si adabu kumlisha kiumbe bila kumsalimu. Wakala, wakamzoea.

Siku moja ya mvua, mtaro wa nguzo ya kona ulibomoka ukamfukia Odera. Wenzake wakakimbilia masepetu. Injinia Ochan akawazuia.

"Wadudu wamelishwa leo asubuhi," alisema. "Ukichimba kabla ardhi haijashika, kazi yote imekufa."

Wakasimama, masepetu mikononi. Walikuwa na watoto wa kulisha, na injinia ndiye aliyeandika watu kazi na kuwafukuza. Jua lilipotua, chini palikuwa jiwe.

Aoko alipofika getini, askari Oyat, mtu wa kaskazini aliyewahi kuwa jeshini, hakumtazama usoni.

"Mama, bosi nasema huyo mtu hapana fanya kazi hapa. Hata siku moja."

"Oyat, wewe mwenyewe ulikula mukene zake jana."

"Nakula, mama. Lakini bosi nasema hapana."

Kwao Odera, ng'ambo ya mpaka, mtu mzima hazikwi ugenini. Wazee walipiga simu wakamwambia Aoko arudi wazike tunda la yago, ambalo huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake umepotea. Aoko alikataa. Vibarua walikuwa wamemnong'oneza yaliyotokea. Aliwaambia Odera hajapotea, yuko chini ya nguzo ya kona, na yeye hatazika tunda huku akijua mume wake alipo. Wazee wakaudhika. Mpaka atakapozikwa, walisema, yeye si mke wala mjane, na boma la Odera halitafunguliwa kwake wala kwa watoto wao. Aoko aliendelea kuuza mukene na kusimama getini kila Jumamosi.

Jumba likaisha, wapangaji wakaingia. Hapo ndipo sakafu ya mlangoni, kando ya nguzo ya kona, ilipoanza kuinuka. Ilianza pua, ikafuata bega, kisha mtu mzima wa jiwe amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Asante ya punda ni mateke, lakini wadudu hawakuwa punda. Walikuwa wamempandisha aliyewalisha, chembe kwa chembe, hata kovu la sikioni hawakulisahau. Fundi alimsaga kwa mashine, wakamfunika kwa vigae. Wiki iliyofuata alikuwa amerudi, na vigae vimewekwa kando vizuri, bila ufa.

Wapangaji walimzoea. Fatumah wa ghorofa ya pili aliomba apunguziwe kodi kwa sababu kigari cha mtoto wake kilikuwa kikikwama kwenye goti. Mwingine alisema afadhali jirani huyu, hapigi muziki.

Oyat ndiye aliyemwita Aoko. Aoko aliingia, akavua viatu, akamgusa mumewe shavu. Lilikuwa baridi na safi. Kisha akamgeukia injinia, aliyekuwa amesimama kando.

"Sasa mmemwona. Nipeni mtu wangu nikamzike kwao."

"Pole sana, mama," alisema Injinia Ochan, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Nguzo ya kona imeegemea bega lake la chini. Tukimtoa, jumba lote linakuja chini na watu wamo."

"Kwa hiyo umekubali alikuwa anafanya kazi hapa."

"Hapana. Hilo siwezi kukubali. Anafanya sasa."

Sifuna, ambaye siku ile ya mtaro alikuwa wa kwanza kuweka sepetu chini, alimfuata Aoko mpaka nje. "Shemeji, wanatafuta mtu wa kupiga deki. Angalau utakuwa karibu naye."

Aoko alimtukana, akamtukana na mama yake, akalia barabarani mbele ya bodaboda. Jumatatu akaja na ndoo.

Humuosha kila siku, uso kwanza, kwa maji matupu, maana injinia amekataza sabuni isije ikawadhuru wadudu. Humsimulia habari za watoto. Wakati mwingine Injinia Ochan huja na wageni wenye viwanja mabondeni. Husimama ubavuni kwa Odera, akapiga kisigino mara kadhaa, na wageni hupiga vyao, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Aoko humchukia injinia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Husubiri ukutani, mikono juu ya mpini wa deki, mpaka watoke. Kisha hupiga magoti akafuta alama za viatu.