Sindano ya Marceline

Marceline alimshika kambale jike kwa kitambaa kilicholowa, akambinya tumbo kuelekea mkiani. Ee Mungu wangu! Mayai yakatoka mbio, ya kijani iliyoiva, yakajaa sahani kama mtama.

"Pole pole, chérie," alisema mumewe, Casimir. "Yasiguse maji kwanza."

Mwaka huo wa tisini na nne, Likasi nzima ilikuwa inalima au inachuuza. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimemsahau Casimir kabisa, mshahara hakuna, naye akachimba bwawa nyuma ya nyumba. Kambale wa kufugwa ana kiburi: bila sindano ya kushusha mayai hatagi, utamlisha mpaka azeeke. Jana jioni Casimir alimdunga, na Marceline alifurahi hata hakuuliza.

Sasa aliuliza. "Dawa ulitoa wapi?"

Casimir alikuwa anampasua dume, maana dume la kambale halikamuliwi. Huuawa ndipo mbegu zitolewe. Marceline akatupa jicho kwenye takataka. Ampuli ndogo, kichupa cha dawa ya sindano, imevunjwa shingo. Aliijua! Aliisubiri miezi saba itoke Lubumbashi. Daktari alimwandikia yeye, ili yai lake lishuke, baada ya miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Aliihifadhi kwenye friji ya mafuta ya taa ya masista wa misheni, angojee Jumatatu adungwe.

Akamgeukia mumewe. "Casimir! Ile ni ya minye mwenyewe!"

"Ni dawa moja, Marceline. Ya bamama na ya samaki ni moja. Masista walinipa, si minye bwana yako? Samaki ilikuwa tayari, haingengoja. Ya weye tutatafuta ingine."

Itafutwe wapi, jamani? Mji mzima haukuwa na hata aspirini! Mwenye njaa hana miiko, tumesikia, lakini mke wako mwenyewe?

Alitaka kuipindua sahani. Lakini mayai hayangoji hasira ya mtu. Akakamua mpaka mwisho, uso ameugeuzia pembeni machozi yasidondokee sahani. Casimir akamimina mbegu, Marceline akakoroga kwa unyoya wa kuku, kisha akatia maji.

Ndipo Casimir akanyoosha mikono aipokee sahani. Marceline akaivutia kifuani.

"Acha. Sindano ilikuwa ya minye, batoto hawa ni ya minye. Weye utafute ya kwako."