Wastani wa Matangi Mawili

Koki kuu ilikuwa ifunguliwe saa mbili asubuhi. Saa mbili kasorobo binti mpimaji wa maji alikuwa bado amesimama mbele ya meza ya baba yake mdogo, mkuu wa mtambo, karatasi mkononi.

"Tangi la kwanza, pH tano. La pili, nane."

"Yakichanganyika, sita na nusu. Ndani ya kiwango," alijibu mzee. "Mbona unanitolea macho, mwanangu? Miaka ishirini napiga wastani hivihivi, na hakuna aliyeota magamba."

Binti hakucheka. Mabomba ya mtaa wa chini ni ya zamani, ya risasi. Maji makali, yenye asidi, huyatafuna, na risasi, sumu inayodumaza akili za watoto, huingia vikombeni kimyakimya. Huko ndiko dada yake alikokuwa akimkorogea maziwa ya unga kichanga wake wa wiki tatu.

"Baba mdogo, pH haijumlishwi kama viazi. Ukishuka namba moja tu, ioni za hidrojeni, hizo zinazoleta ukali, zinaongezeka mara kumi. Kutoka nane hadi tano ni mara elfu. Tangi la pili haliwezi kulimeza la kwanza. Litaupunguza ukali wake nusu tu, basi."

"Diploma hiyo inaongea."

"Basi tuache kipimo kiongee."

Aliteka glasi moja kutoka kila tangi, akazimimina kwenye jagi, akakoroga, akatumbukiza kipimo. Namba zilicheza, zikatulia. Tano nukta tatu. Mzee alivaa miwani, akataka warudie kwa maji mengine.

Tano nukta tatu.

Nje, fundi wa koki alipaza sauti: "Mzee, saa imefika. Nifungue?"

Mkuu wa mtambo aligeukia dirisha.

"Usifungue. Ongeza chokaa tangi la kwanza, kisha tupime upya. Watu wangoje."

Akainuka taratibu hadi kwenye kabati la madaftari ya vipimo. Hakuchukua la mwaka huu. Alichomoa la miaka minane nyuma, mwaka aliozaliwa mjukuu wake wa mtaa wa chini, yule ambaye darasa la kwanza limemshinda mara mbili. Akalifungua, akaweka kidole juu ya safu ya namba, kidole kikagoma kusogea.

Mpimaji alivuta kiti, akakaa ubavuni mwake.

"Nisomee wewe," mzee alisema. "Macho yangu leo hayaoni vizuri."