Siku Mto wa Karui Ulipofunuliwa

Wachuka alikuwa mwanamke wa maneno. Katika mtaa wa Karui, pale chini ya soko mjini Nyeri, watu walisema ukitaka kushindana naye kwanza unywe chai, la sivyo utakauka koo kabla yeye hajaanza. Hoteli yake ilikuwa ya mabati, meza zimefunikwa nailoni ya maua, na asubuhi moshi wa kuni ulipoanza kupanda, makanga wa matatu, wauza viazi na makarani wa ofisi za kaunti waliinama mlangoni wakiitisha chai na chapati. Alipofiwa na mumewe, hoteli hiyo ndiyo iliyomlea binti yake Shiku mpaka akawa muuguzi. Wafanyabiashara wa Karui walikuwa wamemchagua mwenyekiti wao, basi serikali ya mji ilipoleta mpango wake, macho yote yalimgeukia yeye.

Mpango wenyewe uliletwa katika ukumbi wa kanisa na msichana mrefu, mpole wa sauti, aliyeitwa Kaari. Alikuwa mzaliwa wa Embu, mhandisi katika idara ya mipango ya mji. Alibandika ramani kubwa ukutani akaeleza kwamba hali ya hewa imebadilika na mji hauwezi kukaa mikono kifuani. Mvua siku hizi hainyeshi, inamwagwa. Ikishaisha, kiangazi kinakaa mpaka mifereji ya nyumbani inakohoa hewa tupu. Kwa hiyo mji ulikuwa umejipangia kazi ya miaka mingi. Paa za shule na za hospitali zingevuna maji. Miti ya kienyeji ingerudishwa vilimani. Taka za soko zingegeuzwa mbolea ya mashamba badala ya kuoza barabarani. Na katikati ya ramani hiyo palikuwa na mstari wa buluu uliokata mtaa wa Karui kama mkanda wa nguo.

"Huu ni mto," Kaari alisema. "Ulifunikwa na zege zamani, wakati mji ulikuwa unatafuta nafasi. Tunataka kuufunua, ili maji ya mvua yapate njia."

Wachuka alisimama. "Ati mto? Mimi nimepika hapo mpaka nywele imekuwa nyeupe. Nimeona panya, nimeona askari wa kanjo wakifukuza wachuuzi, nimeona mafuriko imebeba viti yangu. Mto sijaona."

Ukumbi ulicheka. Kaari naye alitabasamu. "Mama Shiku, mtaa wenu unaitwaje?"

"Karui."

"Na karui kwa Kikuyu ni nini?"

Kicheko kilikatika. Karui ni mto mdogo. Hata mtoto anajua. Walikuwa wamelitaja jina hilo maisha yao yote, wamelipaka rangi kwenye vibao vya maduka, na hakuna aliyewahi kulisikia.

Wachuka hakuwa mtu wa kuanguka kwa ngumi moja. "Jina haifui nguo," akasema. "Wewe unataka kubomoa hoteli yangu kwa sababu ya jina?"

"Basi njoo nikuonyeshe. Jumamosi asubuhi, tushuke pamoja. Ukitoka na useme hakuna mto, mimi mwenyewe nitatoa ramani hii kwa ukuta."

Mbele ya watu wote hao, angekataaje?

Jumamosi ilipofika, Wachuka alivaa gambuti za shambani, akajifunga leso mbili, akamwachia Mukami, msaidizi wake, jiko na wateja. Theuri, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kibanda chake kilipakana na hoteli, alikwenda naye awe shahidi. Kaari aliwapa kofia ngumu zenye taa. Nyuma ya uwanja wa magari kulikuwa na kifuniko cha chuma ambacho Wachuka alikuwa amekikanyaga mara elfu. Vijana wa kaunti walikiinua kwa mitaimbo, hewa chafu ikawapiga usoni, na ngazi ikaonekana ikipotelea gizani.

"Mungu wangu," Theuri alinong'ona. "Tunaingia kaburi."

"Nyamaza, Theuri. Kaburi haina ngazi," Wachuka alimjibu, akaishika ngazi.

Mwanzo ulikuwa kama alivyotarajia. Chupa za plastiki, magunia, matambara, matope meusi yanayonuka. Walitembea wameinama, mkono ukutani, na Wachuka alikuwa ameanza kuyapanga maneno atakayoyasema akitoka. Kisha handaki likapinda, na palipopinda pakabadilika. Zege likaisha, ukuta wa mawe ukaanza, mawe yaliyochongwa na mafundi wa zamani yakashikana kama meno. Dari likapanda. Walinyoosha migongo. Uvundo uliachwa nyuma, na hewa iliyowajia usoni ilikuwa baridi na safi, kama ya asubuhi ya Julai mtu anapofungua mlango.

"Zimeni taa kidogo," Kaari alisema.

Walizima. Mwanzoni hawakuona kitu. Halafu Wachuka aliona kwamba mbele yao mwanga ulikuwa unashuka kutoka kwenye ufa wa dari, mwembamba kama uzi, na pale ulipogusa ukuta palikuwa pameota jani la kijani. Si moja. Ukuta mzima ulikuwa umevaa majani, laini na mabichi, na kati ya majani hayo maji yalikuwa yanatoka kwenye mwamba. Hayakudondoka. Yalitoka kwa wingi, bila haraka na bila kelele, yakateremka mpaka chini na kuingia kwenye mkondo ambao sasa ulikuwa mweupe kabisa. Mizizi mirefu ya miti ya kanisa la jirani ilikuwa imepenya dari ikaning'inia mpaka ndani ya maji, kama ng'ombe walioshuka kunywa. Chura alilia mahali fulani, akajibiwa na mwingine.

Wachuka alinyoosha mkono akaugusa ukuta. Baridi ile ilimpanda mpaka kwenye kiwiko.

"Hii maji inatoka wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Juu," Kaari alijibu. "Kule mlimani ukungu unashika kwa majani, mvua inaingia kwa udongo, halafu maji inatembea ndani ya mawe pole pole. Hii unagusa inaweza kuwa ilianguka kama Shiku hajazaliwa."

"Na haikauki?"

"Kiangazi kile kibaya, wakati mlikuwa mnanunua maji kwa mikokoteni, nilikuja kuipima. Ilikuwa inatoka hivi hivi."

Wachuka alikumbuka kiangazi hicho. Alikumbuka alivyokuwa akiosha vikombe kwa maji ya kuhesabu, akimgombeza Mukami kwa kila tone. Theuri alikuwa amevua kofia yake ngumu, ameishika kifuani kama mtu aliyeingia ibadani.

Ndipo waliposikia sauti juu ya vichwa vyao. Nyayo. Kiti kilichoburutwa. Kisha, hafifu lakini wazi, sauti ya mwanamke: "Chai mbili, chapati moja! Nani alisema maharagwe?"

Ilikuwa sauti ya Mukami. Walikuwa wamesimama chini ya hoteli.

Wachuka aliinua taa yake. Nguzo ya chuma iliyobeba sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikabaki nyembamba kiunoni kama nyigu. Ukutani, karibu kabisa na dari, palikuwa na alama ya tope, mstari mnyoofu uliokwenda mpaka mwisho wa mwanga. Kaari aliuelekezea taa. Mvua ya Aprili iliyopita ndiyo iliyoacha alama hiyo. Siku hiyo hoteli ilikuwa imejaa watu waliokimbilia kujikinga, Wachuka akacheka kwamba mvua imemletea wateja, na huku chini mto ulikuwa umepanda ukiwatafuta, ukabakiza urefu wa mkono mmoja.

Aliweka kiganja kwenye ile nguzo kama mtu anayempapasa mnyama mkubwa aliyelala. Miaka yote hiyo alidhani amesimama ardhini, kumbe alikuwa mgongoni mwa mto, na mto ulikuwa umemvumilia.

"Twende juu," akasema hatimaye. "Nataka kutoa watu kwa hiyo hoteli."

Jioni hiyo hoteli ilifungwa. Hata hivyo Wachuka hakulainika. Katika mkutano uliofuata alisimama mbele ya wenzake akawaambia wazi: "Mto iko. Nimeigusa. Sasa tusiongee kama iko ama haiko, tuongee vile tutaishi na yeye." Kisha akamgeukia Kaari. Hakuna zege litakaloguswa, alisema, kabla kila mfanyabiashara hajapata mahali pengine pa kusimama. Na hao wenye vibanda waitwe kwenye kuchora, maana ramani ya kwanza ilikuwa na nyasi na viti vya kupumzikia tu, na muuza viazi hapumziki.

Kaari alikubali hayo mawili. La tatu alilikataa. Wachuka alitaka hoteli yake ijengwe tena hapo hapo ukingoni.

"Hapana, Mama Shiku. Mto atahitaji nafasi ya kujinyoosha. Ukikaa karibu, siku moja atakuja kukaa kwako."

Walivutana siku nyingi juu ya hilo, na wengine wakadhani urafiki wao mchanga umeisha. Mwishowe Wachuka alikwenda peke yake akasimama juu ya kile kifuniko cha chuma, akasikiliza, akarudi akasema sawa. Alihamia katika soko jipya, upande wa juu. Siku ya kuing'oa hoteli alifungua mabati mwenyewe pamoja na Theuri, na alipofika kwenye mwimo wa mlango ambao marehemu mumewe aliutengeneza kwa mikono yake, alikaa chini akalia. Theuri alisubiri mpaka akamaliza. Hakumwambia nyamaza.

Asubuhi ya kufunua mto, mji mzima ulijaa Karui. Wanafunzi walipanda kuta, wenye bodaboda walizima pikipiki zao. Tingatinga lilipasua zege, likauma pembe ya bamba la kwanza, likavuta. Bamba lilipiga kelele, likainuka, na jua likaingia mahali ambapo halikuwa limeingia tangu enzi za babu zao.

Watu hawakushangilia. Wachuka alikuwa ametarajia vigelegele, lakini umati ulinyamaza kabisa, kama watu waliofungua mlango wakamkuta mtu ambaye hawakujua anaishi ndani ya nyumba yao. Maji yalimetameta. Yalipita juu ya kokoto, yakizunguka mizizi, yakienda zake kama ambavyo yamekuwa yakienda siku zote gizani. Wazee waliinama kuangalia. Mwanamke mmoja aliyebeba kabichi aliitua polepole, bila kuyaondoa macho yake majini.

Wachuka aliinua uso kukausha macho, na hapo ndipo alipouona mlima. Majengo ya Karui yalikuwa yameuziba miaka yote. Sasa, mtaa ukiwa wazi, Kirinyaga ulisimama kule mto huo unakotoka, vilele vyake vyeusi, barafu yake imebaki mabaka machache tu. Aliutazama mlima, akautazama mto, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba ni kitu kimoja.

Kazi iliendelea miezi mingi. Kingo zilijengwa kwa ngazi za mawe, mianzi na mikuyu ikapandwa, na chini kabisa, kabla mto haujafika kwenye nyumba za bondeni, uwanja mpana ulichimbwa chini kama sahani. Watu waliuliza uwanja huo ni wa nini. Watoto walicheza mpira humo. Wengine walisema serikali imechezea ardhi nzuri.

Mvua ndefu zilipokuja, zilikuja na hasira. Alasiri moja anga lilikuwa jeusi upande wa milima ya Nyandarua, na kabla wachuuzi hawajafunika bidhaa, maji yalikuwa yanamwagwa. Wachuka alitoka chini ya paa la soko jipya akasimama kwenye mvua, Theuri pembeni yake na gunia kichwani. Walisikia mto kabla ya kuuona. Ulikuja ukinguruma kama malori mengi, rangi ya kahawa, ukibeba matawi, na ardhi ilitetemeka chini ya miguu yao. Ulimeza ngazi ya kwanza. Ukameza ya pili. Mianzi ililala.

"Utafika nyumba za chini," Theuri alisema. "Umeona nguvu hiyo?"

Midomo ya Wachuka ilikuwa inasali.

Mto ulifika ukingoni mwa uwanja, ukasita kama mtu anayeuliza njia, kisha ukageuka. Uligeuka wote, na kelele zake zote, ukamwagika katika ile sahani na kuanza kujaa, ukienea taratibu chini ya milingoti ya goli, mpaka uwanja mzima ukawa ziwa la maji mekundu yanayocheza na matone. Huko bondeni, kwenye nyumba ambazo kila mwaka zilizama, mwanamume mmoja alitoka mlangoni akasimama kwenye ardhi yake, akaangalia miguu yake kana kwamba si yake.

Kaari alifika akikimbia, nguo zimemganda mwilini, akasimama kati yao. Alikuwa amechora jambo hilo, amelipima, amelitetea katika mikutano isiyo na idadi, na bado mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtoto.

"Ulijua itafanya hivyo?" Wachuka alimuuliza.

"Nilihesabu," Kaari alisema. "Kujua sikuwa najua."

Wachuka alifungua leso moja kati ya mbili alizojifunga, ingawa nayo ilikuwa imelowa, akamfunika msichana huyo mabega. Walisimama hapo watatu wakiutazama mto ukijinyoosha, mpaka mvua ilipoanza kupungua.