Nyumba Isiyomhitaji

Wivu haukumwingia mke wa Mwalimu kwa sababu msanifu aliyeletwa kuirekebisha nyumba yao alikuwa mrembo. Mrembo alikuwa, tusidanganyane, lakini Mwalimu haoni zaidi ya vivuli, kwa hiyo urembo ule ulikuwa unapotea bure. Kilichomkera ni mkono. Msanifu alijifunga kitambaa machoni, akamshika Mwalimu begani, akasema, "Nitembeze nyumba yako, nijue wapi inakusumbua." Wakazunguka vyumba vyote wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Tangu macho ya Mwalimu yafifie, bega lile lilikuwa na mwenyewe.

"Mama, wewe pumzika tu," msanifu alimwambia. Mama! Kana kwamba alimzaa.

Mafundi wakaja. Milango ikawekwa ya kusukuma pembeni, Mwalimu asijigonge kwenye mlango ulioachwa nusu wazi. Fremu zikapakwa njano kwenye ukuta wa buluu, hata kivuli kimwonyeshe njia. Mbele ya bafu vikawekwa vigae vya kukwaruza, mguu ujue umefika. Na amri ikatoka: koridoni hakikai kitu.

Kazi ilikuwa nzuri, na hapo ndipo ilipomchoma. Mwalimu alijichemshia chai mwenyewe, akamletea na mkewe kikombe. Mwingine angeshukuru, yeye aliinywa kama dawa. Zile "mke wangu njoo, mke wangu nishike" za kutwa nzima zilikatika. Sasa ni msanifu hivi, msanifu vile. "Binti yule ana akili!" Akili zimkae. Nani alimshika mkono miaka yote kila ngazi, kila kizingiti? Na kama haitwi tena, yeye ni nani humu ndani, mpangaji?

Ndipo shetani akampitia. Mchana mmoja, Mwalimu akiwa chumbani na redio yake, alivuta kigoda cha jikoni akakiweka katikati ya korido. Hakutaka aumie. Alitaka ajikwae kidogo tu, aite. Akajibanza jikoni, akasikiliza.

Redio ikazimwa. Hatua zikaja, kiganja kikipapasa ukuta. Alitaka kupiga kelele, "Simama!" lakini akachelewa. Hatua zikakoma. Kisha kigoda kikalia taratibu, kama kinavyolia mtu akikikalia.

"Nilikusikia ukikiburuta," Mwalimu alisema. "Haya, nimeshaanguka. Njoo uniinue."

Alikwenda, uso umemshuka kwa aibu. Mwalimu alikuwa amekaa, mzima kabisa, amenyoosha mkono. Akaushika, na machozi yakamtoka.

"Usije ukamwambia yule binti wako," alisema kwa kwikwi.

"Nimwambie nini? Kwamba kwa uzee huu bado kuna mtu ananionea wivu?" Mwalimu akasimama, akamshika kiwiko. "Hilo nitamwambia kesho asubuhi."