Chemba Namba Arobaini na Moja

Nimezibua mitaro ya mji huu miaka ishirini na mbili. Shule niliachia darasa la tano, lakini maji ya mvua yanapita wapi, hilo nalijua kuliko njia ya kwenda kwangu. Ndiyo maana ofisi ilipoanza kuchora ramani ya mafuriko, nilipewa fomu nikaambiwa nikague kila chemba, shimo la mfuniko linalopokea maji ya mtaro. Iko wazi au imeziba, weka tiki.

Chemba arobaini na moja iko nyuma ya nyumba ya dada yangu, anamoishi na mama yetu. Siku ya ukaguzi nilikuta lori bovu limeegeshwa juu yake, halina hata tairi. Nitambae chini ya lori kwa ajili ya tiki moja? Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeizibua mwenyewe. Nikaandika iko wazi, nikaenda kunywa chai.

Ramani ikatoka. Vichochoro vya buluu vitajaa maji, vyeupe ni salama. Cha dada yangu kilikuwa cheupe pee.

Mwezi uliopita lori likaondolewa, nikaona zege. Mwenye lori alikuwa amemwaga sakafu nzima kabla ya kuliegesha. Nikaenda chemba inayofuata, nikapitisha ufito kwenye bomba kurudi juu. Ukagota. Zege lilikuwa limeingia mpaka ndani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule binti wa kompyuta, mhandisi aliyechora ramani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, ile arobaini na moja imeziba."

Akafungua fomu. "Hapa umeandika iko wazi."

"Sikuifunua."

Hakunigombeza. Alibadilisha tiki yangu, akaiambia kompyuta inyeshe mvua kubwa. Nikaona maji yakishuka barabarani, yakifika kwenye chemba, yakikosa pa kuingia. Yakageuka, yakapitia jikoni kwa dada, yakajaa chumbani kwa mama.

"Sentimita themanini," akasema.

"Basi badilisha ramani, mlete mashine ya kuvunja zege."

"Mzee, imeshapigwa muhuri. Nitaandika barua leo hii, lakini marekebisho ni mwakani. Na mashine haiendi penye weupe. Dereva akitoka nje ya orodha, kibarua kinaota nyasi."

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Daktari alisema asinyanyuliwe kitandani wiki sita, na ilikuwa ya pili. Ningebeba kitanda chenyewe, lakini marehemu baba alikiundia mlemle chumbani, hakipiti mlangoni. Cha ajabu, tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

Dada nilimkuta anafua. Nikamweleza yote, na kwamba zege nitalivunja mwenyewe.

"Kaka, ramani ya serikali ina muhuri. Wewe una nyundo."

"Ile tiki niliiweka mimi."

"Si uifute basi! Uliyeandika si wewe?"

"Haifutiki."

Akaacha kufua. Alinitazama kama siku ile nilipovunja redio ya baba nikamsingizia yeye. "Mama akiuliza, umwambie mwenyewe," akasema. "Mimi simo."

Siku tatu niligonga zege lile. Nilitoa kipande cha ukubwa wa sahani, na nyundo ikakatika mpini. Siku ya nne mawingu yakakusanyika tangu asubuhi, nikaleta tofali nane za bloku na vipande vya mbao.

"Unafanya nini huko chini?" mama akauliza.

"Napandisha kitanda, mama. Tulia hivyohivyo."

"Unanipandisha bei? Mzee kama mimi nani atanunua?"

Dada alishika upande wa kichwani, mimi miguuni. Tuliinua pole pole, mguu mmoja baada ya mwingine, mama akiuma meno. Tofali moja kila mguu, na ubao juu yake. Nikajaribu kuongeza tofali la pili, kitanda kikayumba, mama akapiga ukelele. Nikaliondoa. Nikapima kwa futi kamba, sakafuni hadi juu ya godoro. Sentimita sabini na mbili.

Nikachukua chaki, nikachora mstari ukutani, themanini kutoka sakafuni. Ulipita juu ya godoro, usawa wa bega lake.

"Huo mstari wa nini?"

Dada akageukia dirishani.

"Maji yatafika hapo, mama. Kuna chemba niliandika iko wazi bila kuifunua."

Mama aliutazama mstari, kisha akautazama mkono wake uliolala chini ya mstari.

"Tangu utoto wewe mvivu," akasema. "Na sasa?"

Nikatia chaki mfukoni. Mvua ilianza saa sita mchana, kubwa, bila upepo. Dada akaziba mlango wa jikoni kwa magunia na nguo alizokuwa amefua. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mama mkono. Muda si muda zile nguo zikaanza kuelea, zikaja chumbani kupitia jikoni, njia ileile niliyoonyeshwa.

"Yamefika wapi?" mama akauliza, macho kayafumba.

Safari hii niliinama nikaangalia.

"Tofali limezama, mama."