Maji Magumu ya Ilomba

Kwa miaka mitatu Esnath aligombana na maji ya kisima chake, na kwa miaka mitatu hiyo hiyo hakutaka mtu mwingine ayaguse.

Kisima chenyewe kilikuwa uani kwake, Ilomba, jijini Mbeya. Mumewe, Yotamu, alikichimbisha mwaka ule walipohama kutoka Mgololo, baada ya yeye kustaafu kazi kwenye kiwanda cha karatasi cha huko. Maji yalipotoka mara ya kwanza walishangilia. Walipoyafulia shuka, shangwe ikaisha. Sabuni haikutoa povu. Iliganda na kuelea kama maziwa yaliyokatika. Birika likaota ukoko mweupe, na bomba la mvua bafuni likaziba vitundu kimoja baada ya kingine.

"Haya ndiyo maji magumu," Yotamu alisema, tena kwa furaha, maana ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Miaka ishirini na sita kiwandani alilainisha maji ya boila yasijenge chokaa ndani ya mabomba. "Usinunue kitu, mke wangu. Haya nitayaweza mwenyewe."

Akaanza kuchora kwenye daftari. Masika hayajaisha, moyo ukamsimama akiwa amekaa barazani.

Tangu hapo Esnath alikinga maji ya mvua, na kiangazi alifua kwa kuvumilia. Binti yake Mercy, mwalimu wa sekondari aliyeishi naye, alimsihi anunue mashine ya kulainisha maji mpaka akachoka. Agosti hita ya maji ikaungua. Ilipofunguliwa, koili yake ilikutwa imevaa chokaa nene kama kidole. Mercy akaileta mezani.

"Mama, baba angeiona hii angesemaje?"

Esnath aliigusa, akaikwangua kwa ukucha. "Angeona haya," alisema. "Kesho twende dukani."

Dukani, kule Mwanjelwa, muuzaji, bwana mmoja mcheshi, alianza na sumaku mbili. "Hizi unazifunga nje ya bomba, mama. Chokaa yote inakimbia."

"Inakimbilia wapi?"

Bwana yule akacheka. Esnath hakucheka. Alitoa mkobani chupa ya maji ya kisimani, akadondoshea sabuni ya maji, akaitikisa. Juu palibaki utando mchafu, povu hakuna. "Kama chokaa bado imo ndani, sabuni itajua. Nionyeshe mashine inayoitoa."

Akaonyeshwa mtungi mrefu wenye chembechembe ndani, na pembeni yake pipa la chumvi. Hapo Esnath alijisikia akiuliza maswali ambayo hakujua kama anayo. Chembe hizi zinajiosha kwa chumvi kila baada ya siku fulani, au kwa kuhesabu lita zilizotumika? Wakisafiri wiki mbili, itamwaga chumvi bure? Mercy alimtazama mama yake kama mgeni.

Maswali yalitoka Mgololo. Jioni za kule ukungu ulishuka kwenye misonobari hadi nyumba ya jirani ikapotea, na Yotamu aliingia na harufu ya kiwanda kwenye ovaroli, akala ugali huku akisimulia maji. Siku moja alichukua chujio la chai na ulezi kutoka kwenye ungo. "Kila punje inashika chokaa, unaona? Ikichoka kushika, unaiosha kwa maji ya chumvi, inaanza upya." Esnath alikuwa akishona kifungo, akiitikia "ehee" tu. Miaka yote alidhani hakuwa akisikiliza.

Muuzaji alipendekeza mashine kubwa, ya watu kumi. "Tuko wawili, na wageni wa Krismasi," Esnath alisema. Akachagua ya kati, ile inayohesabu lita.

Fundi bomba Muharami alikuja asubuhi, akaamkia, akavua koti. Esnath akamletea daftari. Yotamu alikuwa ameshachora kila kitu: tangi la juu, bomba kuu, mahali pa mashine, na njia ya pembeni ya kupeleka maji yasiyopita kwenye mashine hadi bustanini na kwenye koki ya maji ya kunywa.

"Huyu mzee alikuwa fundi," Muharami alisema. "Ila hapa, mama, ukutani kwa magharibi, jua la mchana litakula plastiki. Ingefaa tusogeze nyuma, chini ya paa."

Esnath aliutazama ule mstari wa penseli, mwandiko ule ulioegemea kushoto. Muharami hakumharakisha. Alikaa juu ya boksi lake la vifaa, akawa anapanga koki.

"Sogeza," Esnath alisema hatimaye. "Yeye mwenyewe alikuwa akifuta na kuchora tena."

Bomba likakatwa, vali zikafungwa, chumvi ya mawe ikamiminwa pipani. Alasiri Muharami alifungua maji, akakagua kila kiungo kwa kiganja. Hakuna palipovuja. Mercy akakimbilia kuoga, na muda si mrefu wakamsikia akipiga kelele.

"Mama! Nasuuza, nasuuza, sabuni haitoki mwilini!"

"Imetoka zamani!" Esnath alijibu, na kicheko kikamtoka hata akashika ukuta. "Ndivyo maji laini yalivyo, yanateleza!"

Haikuwa siku ya kufua, lakini alitoa shuka mbili, akaziloweka. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Akilini aliwaona wanawake wa Mgololo nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kanga zimefungwa kiunoni, mikono imekufa ganzi kwa baridi, kila mmoja akimpigia mwenzake hadithi kwa sauti kwa sababu ukungu uliwaficha. Alilia kidogo, akaendelea kusugua.

Muharami alikuwa akikusanya vifaa vyake. "Mama, nina mteja kule mtaa wa Soweto, mama mwenye mgahawa. Ameshaambiwa anunue sumaku, na mimi nikimkatalia anaona navutia biashara upande wangu. Ungekubali kuongea naye?"

Jumamosi walikwenda. Esnath alikaribishwa kiti, akakataa chai kwanza, akakunja mikono ya sweta lake.

"Haya, mwenzangu," alisema. "Niambie, kwa siku unapikia watu wangapi?"